Ng'ambo bila ndege: Nilivyozunguka Mlima Elgon kwenda kusoma Kapchorwa

UKIWAAMBIA marafiki zako kwamba unaenda kusoma ng'ambo, wa kwanza atakuuliza, "Unapaa lini?" Wa pili atakuomba umtumie viatu. Sasa jaribu kuwaambia kwamba ng'ambo yako ni Uganda, tena si Kampala bali kijiji kilicho juu mlimani, na kwamba hupai popote. Utapanda basi la usiku hadi Bungoma, matatu hadi Kitale, Probox hadi mpakani, na baada ya hapo chochote kitakachopatikana. Utaona nyuso zikibadilika. Kwenye grupu la WhatsApp la darasa letu kuna jamaa aliandika, "Msalimie Museveni," watu wakacheka wiki nzima.

Hiyo ilikuwa Mei 2018. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, Nairobi, nasomea jiografia. Kulikuwa na mpango wa kubadilishana wanafunzi, na kufikia siku niliyofungua barua pepe yangu nafasi za Ulaya zilikuwa zimeshanyakuliwa. Iliyobaki ilikuwa moja: miezi mitatu ya utafiti wa nyanjani kwa wakulima wa kahawa juu ya Kapchorwa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Nikaichukua shingo upande. Kila mara hukutana na kijana aliyepewa nafasi kama hiyo na anayeniuliza aikubali au aisubiri ya Poland. Jibu langu huwa refu kuliko anavyotaka, kwa hivyo leo nimeliandika lote. Soma ujiamulie.

Simkejeli anayekwenda mbali. Lakini unakumbuka yaliyowapata wenzetu wa Uasin Gishu, hapo tu jirani na Kitale. Mpango wa kaunti wa kuwapeleka vijana vyuoni Finland na Canada uligeuka kilio mwaka wa 2023. Wazazi, wengine waliouza mashamba, waliandamana Eldoret wakidai pesa zao, na kesi ikafika mahakamani. Nadhani tumefundishwa vibaya maana ya neno ng'ambo. Watu wa pande hizi walisoma ng'ambo zamani kwa kuvuka tu mto. Masinde Muliro, yule mwanasiasa ambaye chuo kikuu kilichoko Kakamega kina jina lake, alipitia shule ya St Peter's kule Tororo kabla ya kufika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwai Kibaki alisomea Makerere, na Ngũgĩ wa Thiong'o vilevile. Kenya ilipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985 na hatimaye kuzika kidato cha tano na cha sita, Uganda ilibaki navyo, na vijana wa Bungoma na Busia wakaendelea kuvifuata huko. Hakuna aliyewaaga uwanja wa ndege.

Basi, safari. Kosa langu la kwanza, ambalo wewe usilirudie, lilikuwa kupanga kwa ramani ya simu. Ramani inakwambia kutoka Kitale hadi mpaka wa Suam ni kama kilomita 45, na kutoka Suam hadi Kapchorwa 73. Ukijumlisha ni chini ya 120. Nikapiga hesabu ya mtu wa Thika Road: saa mbili na nusu, tatu ukipatwa na jam. Hesabu hiyo bado hunichekesha.

Nilipitia Bungoma kwanza kumwona kukhu, yaani nyanya yangu, anayeishi upande wa Chwele. Siku ikiwa safi, ukisimama uani kwake unauona mlima wote ukiwa umelala kule kaskazini kama ng'ombe aliyeshiba. Nikamwelekezea kidole: "Naenda huko, kukhu, ila upande wa pili."

Hakutabasamu. Akasema, "Huko juu hapana."

Kama wewe ni wa Nairobi, au ulikuwa mdogo wakati huo, huenda hujui kwa nini nyanya wa Chwele aseme hivyo. Kati ya 2006 na 2008 mlima huu uliwaka. Ugomvi wa mashamba ya mpango wa makazi wa Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji lililojiita Sabaot Land Defence Force. Watu waliuawa, wengine walikatwa masikio. Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi, operesheni ikaitwa Okoa Maisha, na baadaye wanavijiji wakasimulia mateso waliyoyapata mikononi mwa wanajeshi hao hao. Waliokimbia waliteremka Bungoma na Kitale, na wengine wakavuka Uganda. Jikoni kwa kukhu waliishi watu saba kwa miezi kadhaa. Yeye huhesabu bado sufuria zake kwa kutaja ile waliyoondoka nayo na ile waliyomwachia.

Kwake yeye, mlima ni mmoja. Mpaka wa nchi hauwagawi watu: Wasabaot wa upande wetu na Wasebei wa Uganda ni ndugu, lugha zao zinasikilizana. Usiku wa kuamkia safari alinishika mkono akaniambia jambo moja tu: "Ukifika usiwatajie jina la babu yako. Sema jina la kanisani, inatosha." Ukiwa na jina la Kibukusu unajua alichomaanisha. Jina letu likitamkwa, kila mtu anajua tunatoka chini, si juu.

Nilimwona amepitwa na wakati. Ila nilimtii.

Kutoka Chwele unapanda matatu hadi Kimilili, unaunganisha hadi Kamukuywa, kisha Kitale. Safari nyepesi, mahindi kushoto, miwa kulia, makanga anakuita "kastoma" na kukukalisha wa nne kwenye kiti cha watatu. Kitale ndipo mahali pa kujipanga, kwa sababu baada ya hapo maduka yanaanza kuisha. Nunua gambuti. Sio raba nzuri, gambuti. Nunua tochi na koti zito, kwa kuwa huko juu Mei ni baridi ya kuuma masikio. Badilisha pesa kidogo. Shilingi yako moja inageuka ishirini na kitu za Uganda, na utajiona tajiri mpaka ununue sabuni. Hakikisha una kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kitambulisho kinatosha kukuvusha tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilipokubaliana, lakini wewe unayekwenda kukaa na kusoma beba pasipoti, maana kila ofisi utakayoingia itaiuliza.

Probox ya Endebess ilijaza watu tisa na kuku wawili. Lami ilikuwa imechoka, lakini ilikuwapo. Ukiwa Endebess unaweza kuingia Mbuga ya Mlima Elgon kupitia lango la Chorlim, ukaone pango la Kitum ambamo ndovu huingia gizani usiku kukwangua chumvi ukutani. Mimi sikuingia, nilikuwa na haraka ya kwenda kukwama. Leo nikipita Endebess humkumbuka Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyejenga upande huu ili awe karibu na wenzake wa mazoezi. Alikuwa ametoka tu kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris alipochomwa kwa petroli nyumbani kwake Septemba 2024. Alifia hospitalini Eldoret, akazikwa Bukwo, upande wa pili wa mto. Maisha ya watu wa hapa yamekaa hivyo, mguu huku na mguu kule.

Mto wenyewe ni Suam. Ni mwembamba, unaweza kudhani ni mtaro wa shamba la mtu, lakini ndio huo huo unaoteremka ukaitwa Turkwel na kwenda mpaka Turkana. Unavuka daraja, unagongewa muhuri, tayari uko ng'ambo. Nilipiga selfi. Hakukuwa na mtandao wa kuirusha.

Sasa nisikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo safari ilipoanza kwa kweli.

Mwaka huo barabara ya Suam hadi Kapchorwa ilikuwa ya udongo mtupu, na mvua za masika za 2018 zilikuwa kali kupita kiasi. Gari la abiria la asubuhi lilikuwa limeondoka, la pili halikuja. Saa sita mchana tukapandishwa juu ya lori lililobeba magunia ya mahindi na kreti za soda, kama watu ishirini, tukajifunika turubai moja. Udongo wa huko ukilowa unateleza kama sabuni. Lori linapanda hatua kumi, linarudi nne. Utingo anaruka chini na gogo la kuziba tairi la nyuma, dereva anaguna na gia, tunashuka wote kusukuma, tunapanda, tunashuka tena. Mara ya tatu niliacha kuhesabu. Pembeni kuna bonde ambalo chini yake unaona mawingu, na hakuna kizuizi, hakuna chochote. Wenzangu walikuwa wakipiga gumzo kuhusu bei ya vitunguu.

Kando yangu alikaa mama mdogo, pengine tulikuwa rika moja, na mtoto mgonjwa kifuani, amemfunga kwa leso mbili. Alikuwa na barua ya rufaa ya kumpeleka Kapchorwa. Kila tulipoambiwa tushuke, yeye aliachwa juu peke yake. Hakulalamika hata mara moja. Mimi nililalamika kwa niaba yetu sote, kimoyomoyo, na kwa Kiingereza.

Tulifika Bukwo saa mbili usiku. Hesabu mwenyewe: saa nane, na hatukuwa tumemaliza hata nusu ya njia. Dereva akasema hasogei tena mpaka kupambazuke. Nikapata chumba chenye kitanda na ndoo. Nguo zote zilikuwa zimelowa, hata zile za ndani ya begi, pamoja na karatasi za dodoso nilizochapisha Nairobi kwa pesa yangu. Nikazitandaza sakafuni moja moja kama anayeanika omena. Nikakaa katikati yake na nikalia. Naam, mtu mzima. Ukienda mahali kama hapo, usiku wa namna hiyo utakuja, na ni vizuri ujue mapema kwamba utakuja. Nilipiga hesabu ya nauli ya kurudi Suam, nikapanga hata uongo wa kumwambia msimamizi wangu: ningesema nimepata malaria.

Kilichonizuia si ujasiri. Asubuhi hakukuwa na gari la kurudi Kenya, lilikuwapo lile lori tu, na lilikuwa likielekea Kapchorwa. Yule mama alikuwa ameshakaa juu na mtoto wake. Akanisogezea gunia.

Tuliingia Kapchorwa saa kumi jioni. Lori lilisimama karibu na hospitali, mama akateremka, na sikujua hata jina lake. (Mwezi wa saba nilimwona sokoni, mtoto mgongoni anatafuna hindi la kuchoma. Nilitaka kumkumbatia, ila nikamsalimia tu kwa heshima.) Mimi nilikuwa bado na boda boda ya nusu saa, kisha kutembea, begi kichwani, hadi boma nililopangiwa.

Wenyeji husema Kapchorwa maana yake ni nyumbani kwa marafiki. Mama mwenyeji wangu alinipokea kwa maji ya moto ya miguu, bila maswali. Ni mjane, mtu wa miaka hamsini na kitu hivi, na Kiswahili chake kilikuwa cha soko, kifupi na kinachofika, kwa sababu kwa miaka mingi aliteremsha vitunguu Suam kuwauzia Wakenya. Chumba changu kilikuwa nusu kitanda, nusu magunia ya kahawa. Asubuhi nikafungua dirisha nikakuta nyanda za Karamoja zimetandazwa chini yangu hadi macho yanapochoka. Kwa dakika kama kumi hivi nilisamehe lori.

Usiku ule wa kwanza, tukila, aliniuliza jina. Nikamtajia la kanisani. Akasubiri. Nikasema, "Basi, hilo tu." Akaongeza maharagwe kwenye sahani yangu.

Kuhusu chakula, jua kwamba huko posho ni ugali. Nakutajia kwa kuwa neno hili lilinifundisha jambo. Posho yangu, ile ya pesa, ilitakiwa kutumwa kila mwezi na ofisi fulani ambayo sitaitaja. Ilichelewa wiki sita. Posho ya Mama haikuchelewa hata siku moja. Hapo ndipo nilipoanza kwenda naye shambani, kwanza kwa aibu ya kula bure, baadaye kwa sababu ndiko kulikokuwa na masomo.

Maana masomo yenyewe yalikuwa yamenishinda. Nilikuwa na dodoso la maswali 64 kuhusu mmomonyoko wa udongo. Miteremko ya Elgon si mchezo. Machi 2010 ardhi iliporomoka Bududa, upande wa kusini magharibi, ikafukia vijiji na mamia ya watu, na ikarudia tena huko huko baadaye. Kwa hivyo swali lilikuwa la maana. Jinsi nilivyouliza ndiyo iliyokuwa upuzi. Nilienda boma hadi boma na kalamu, watu wakanijibu "ndiyo" kwa kila kitu ili niende zangu. Unapanda nyasi za kuzuia udongo? Ndiyo. Umechimba mitaro? Ndiyo. Nikitazama shambani, hakuna nyasi wala mtaro.

Siku moja nikafika kwa mzee mmoja, swali la 17: "Una ng'ombe wangapi?" Mzee akaninyamazia. Si kimya cha kufikiri, bali kile cha kufunga mlango. Akainuka, akachukua fimbo yake na kuingia ndani. Nikabaki na kalamu hewani.

Jioni nikamweleza Mama, akacheka hadi akashika mbavu, kisha akawa hacheki. Akaniambia, "Mwanangu, hapa anayehesabu ng'ombe wako ni mwizi au mtoza ushuru." Tangu zamani wavamizi walipanda kutoka kule chini, kule ninakokutazama kila asubuhi na kupaita pazuri, wakaswaga mifugo na kuua watu. Kuna familia zilizokuwa na zizi zima ambazo baada ya usiku mmoja zilibaki na kamba. Mzee yule alikuwa mmoja wao. Na mimi, kijana mgeni kutoka Kenya, nilikuwa nimekuja na karatasi kumuuliza idadi.

Nililiondoa swali la 17. Halafu nikaliondoa dodoso lote, nikaanza upya. Nilikuwa nakwenda kumsaidia mtu kupalilia au kuchuma, tunaongea, usiku ndipo naandika. Kwa njia hiyo nilijua kwa nini mitaro haichimbwi: vijana wenye nguvu wameshuka Kapchorwa mjini kuendesha boda boda, na waliobaki wanachagua kati ya kuchimba mtaro na kupeleka kahawa sokoni kwa punda. Hilo halikuwa na kisanduku kwenye dodoso langu. Ripoti yangu ilipata alama nzuri kuliko kazi yangu yoyote chuoni, na niliiandika kwenye daftari la mraba lililonukia moshi.

Mtandao ulipatikana sehemu moja tu, juu ya jiwe nyuma ya jikoni. Kila Jumapili nilisimama pale nikampigia nyanya yangu. Wiki ya saba hivi, nimemaliza kuongea nikateremka, Mama akiwa anachambua mboga akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Kukhu hajambo?"

Nilisimama kama mti. Hilo si neno la Kisebei wala la Kiswahili. Niseme nini?

Akaendelea na mboga. Akasema alijua tangu siku ya kwanza. Nilipofika nilimpigia nyanya kumwambia nimefika salama, na neno hilo alikuwa amelisikia Suam kwa wateja wake. Kisha akaniambia kwamba mwaka wa 2007, kwenye chumba kile ninacholala na magunia, walilala watu waliovuka kutoka Cheptais, wanawake watatu na watoto. Mmoja wa watoto hao alikuwa wa baba Mbukusu. Mama yake alimkataza kutaja jina la baba yake. "Alikuwa na miaka sita," akasema, "akajifunza kunyamaza kabla ya kujifunza kusoma. Wewe ni mtu mzima. Jina lako ni nani?"

Nikamtajia. Akalirudia mara mbili, akalikosea, nikamrekebisha.

Ukitaka kwenda leo, hutapata lori langu. Barabara ya Kapchorwa hadi Suam sasa ni lami, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kipande cha Suam kuja Kitale kimo katika mradi huo huo. Unaweza kunywa chai Kitale na kula chakula cha mchana Kapchorwa. Nilipoipita mara ya kwanza ikiwa na lami nilijisikia kama niliyeibiwa kitu, ambao ni ujinga. Muulize yule mama aliyekuwa na mtoto. Wengine wanakwenda kwa ajili ya maporomoko ya Sipi, wengine kukimbia, maana Kapchorwa ndiyo iliyomlea Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000, na wanariadha wanaipenda hewa yake nyembamba. Ukienda kusoma, nenda na akiba ya miezi miwili mfukoni hata ukiahidiwa nini. Jifunze salamu kabla ya kujifunza kuuliza maswali. Na usidhani Kiswahili cha Nairobi kitakupeleka popote. Sheng' yangu yote iliisha siku ya pili, nikabaki na Kiswahili sanifu cha darasa la nane, na ndicho kilichoniokoa.

Nilirudi Agosti kwa njia ya pili, nikauzunguka mlima: Kapchorwa, Sipi, Mbale, kisha Lwakhakha. Mwaka ulikuwa wa kugawika kwa mbili, mwaka wa tohara. Mbale nzima ilikuwa ngoma, vijana wa Kigisu wamepakwa unga mwili mzima wakikimbia barabarani na msafara nyuma. Nikavuka mto Lwakhakha, na upande wa Kenya nikawakuta vijana wa Kibukusu wakipiga chinyimba, zile njuga za mkononi, wakizunguka kualika wajomba. Kama si afisa wa uhamiaji nisingejua kwamba nimebadilisha nchi.

Chwele nilifika jioni, nimekonda, gambuti mkononi, na mkebe wa kahawa ya kukaanga ambayo Mama alinipa nimpelekee "kukhu". Nyanya akaufungua akanusa. Akaniambia harufu hiyo anaijua. Baridi ilipounguza kahawa ya Brazil mwaka wa 1975 na bei ikaruka duniani, kahawa ya Uganda ya Amin ilivushwa kwa magendo hapo Chepkube, karibu na Lwakhakha, magunia kwa magunia, usiku na mchana. Yeye hakuwahi kubeba hata gunia moja, alisisitiza. Aliwauzia chai na mandazi waliobeba.

Kisha akafunika mkebe. "Alikuuliza jina?"

"Alilijua tangu siku ya kwanza."

Alinyamaza kitambo, akipanguza mkebe ambao haukuwa na vumbi. Halafu akasema, "Nipe hiyo simu yako, mpigie."

Nikapiga. Mmoja anaongea Kiswahili cha soko la Suam, mwingine cha soko la Chwele, wote wakipaza sauti kana kwamba wanaitana kupitia juu ya mlima. Walimaliza salio langu lote. Kwa sehemu niliyoisikia, waliongea kuhusu bei ya vitunguu.